Beseni Nililoacha Stesheni

Kamina, Shaba
Alhamisi, 17 Juni 1993

Mpendwa dada yangu mkubwa, yaya Marthe,

Pokea salamu zangu kutoka huku kwenye baridi na vumbi la Juni. Huko Kalemie mko wazima? Goti lako linakuacha ulale? Na shemeji Amédée, kikohozi chake kimepoa? Sisi tuko hai, mume wangu Kisimba na watoto pia, tunamshukuru Mungu. Lakini mimi naogopa, yaya, na hapa sina wa kumwambia.

Jumapili Mujinga wetu alipokea komunyo ya kwanza. Ungemwona na gauni lake jeupe! Nilipika kama mtu anayelisha wanajeshi wote wa kambi ya Base, wewe unanijua. Wageni wakashiba, na bado likabaki beseni zima la bukari, ugali wa mahindi, na sufuria ya maharage. Kisimba akasema tuwape nguruwe. Nikakasirika. Nguruwe washibe, na pale stesheni watu wanashinda na njaa?

Labda habari hizi zimekufikia. Watu wenye asili ya Kasai wanaofukuzwa kwenye miji ya kusini wanapita hapa kwa treni kurudishwa kwao. Treni moja imekwama tangu wiki iliyopita, na familia zinaishi ndani ya mabehewa ya mizigo, nyingine chini yake. Wako watu hapa mjini wasiopenda kuona mtu akiwasaidia. Kwa hiyo nilienda mbiombio, kitambaa nimekishusha usoni, nikatua beseni mbele ya akina mama, mwanangu mkubwa akatua sufuria, tukarudi bila hata kuaga.

Sikuonja. Mimi, niliyelelewa na mama yetu! Tangu utoto tunajua: ukimpa mgeni chakula, unakata tonge la kwanza wewe mwenyewe, mbele ya macho yake, ajue hakuna sumu. Nilikuwa naangalia majirani tu, nikasahau.

Jumanne alikuja Tshimanga, jirani yetu anayefanya kazi ya reli, uso umemshuka. "Mama Mujinga, usifike tena ku gare, kwa batu ba treni. Kale katoto ka miaka ine, Mukendi, kanahara na kutapika tangu jana. Bamama banasema ni sumu. Banatafuta mwenye beseni."

 Chini ya beseni lile kuna herufi zangu kwa rangi nyekundu, maana sote tunatia alama ili vyombo visipotee kwenye karamu. Mwenye sumu gani anaacha jina lake namna hiyo? Lakini nani angenisikiliza?

Kisimba alinikataza kutoka. Nikajifungia na watoto, kila kishindo barabarani nikidhani wamekuja. Na kulikuwa na hofu nyingine mbaya zaidi: kama maharage yalikuwa yamechacha kweli? Yalikaa juani tangu tuliporudi misani. Nilijitahidi kukumbuka harufu yake nilipofunua sufuria, sikuweza.

Jana asubuhi nilishindwa kukaa. Nilipika bukari mpya na sombe ya majani ya muhogo, nikaenda uso wazi. Akina mama wakawavuta watoto wao nyuma. Nikapiga magoti, nikakata tonge, nikala mbele yao. Nikasema ni mimi mwenye beseni.

Mwanamke mmoja mwembamba akasimama. Ni mama yake Mukendi, alikuwa ametoka zahanati, alikolazwa mtoto, kuja kuchukua nguo zake. Nilijua atanipiga. Nikamwomba msamaha kwamba Jumapili sikuonja.

Akasema: "Minyi nilionaka, mama. Nilionaka weye haukuonja. Nikamupa mutoto tu. Siku mbili hakukula kitu."

Yaya, hebu fikiria. Aliogopa kama ninavyoogopa mimi, na bado akamlisha.

Muuguzi wa zahanati anasema watoto wengine wa mabehewa wanahara vilevile, na hao hawakugusa chakula changu. Anadhani ni maji wanayochota mtaroni. Anadhani tu, hakuapa. Leo nasikia Mukendi amekunywa maji kidogo yakakaa tumboni, lakini hajaweza kuketi. Na watu wa reli wanasema treni itaondoka wakati wowote.

Nisalimie shemeji, na mtoto wako Kalenga, na bibi Kyabu, umwambie asali rozari moja kwa ajili ya Mukendi. Mungu aulinde mlango wako na awalaze nyote mmeshiba.

Jana nilipokuwa nataka kuondoka pale stesheni, mama yake Mukendi alinirudishia beseni, ameliosha mpaka linang'aa. Hakunishukuru, wala hakunitukana. Aliniuliza kama nitalileta tena.

Ni mimi mdogo wako akupendaye, ambaye bado anaogopa,
Émerence