Ndago Niliyojitwika Kichwani

Kasulu, msituni

Mpwa wangu Neema,

Mwakeye! Mvua ya huku acha tu, jana nilipiga mwayo nikameza nusu ya wingu.

Nawabebea mizigo wataalamu wa mimea. Wameona ndago ya msituni, ndugu ya lile gugu la shambani, ambayo haijapewa jina duniani, lakini kila walipoipata ilikuwa majani matupu, na bila ua na mbegu hawawezi kuiandika. Leo ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya kuitafuta. Mkuu wao, dada mmoja mpole, alikuwa karibu kulia.

Mimi nilikuwa na mzigo mzito kama ng'ombe mwenye mimba, nikakata majani kijitoni, nikasokota ngata ya kuweka kichwani chini ya mzigo, nikapanda nayo mlima mzima. Kutua tu, dada akapiga yowe: "Mjomba, usitikise kichwa!" Akaichambua ngata palepale utosini kama ananitoa chawa. Kumbe ndiyo ndago yenyewe: bua lina pembe tatu, viua vyeupe kama maziwa, na mbegu! Kwenye lenzi yake zinang'aa kuliko shanga za bibi harusi. Sijaona kitu kizuri hivyo, na mimi nimeona vingi.

"Umeikata wapi?"

Nikawatangulia mbio hadi kijitoni. Zipo tele, zimechanua. Dada akacheka huku machozi yanamtoka: "Mjomba, leo akili umeivaa juu ya kichwa."

Watangazie Kibondo nzima. Na mama yako asing'oe ndago kwenye maharage yake mpaka nifike nizikague.

Nawakumbatia wote,
Mjomba Zakaria