Ukuta wa Chumba cha Mama Yako

Kitura, Mbinga
22 Septemba 2024

Mpendwa mpwa wangu Restituta,

Ni matumaini yangu kwamba barua hii itakukuta mzima huko Singida, pamoja na mumeo Joakim na watoto. Mimi sijambo, namshukuru Mungu, isipokuwa mabega, ambayo kisa chake utakisoma hapa chini. Uniwie radhi kwa kuchelewa kukujibu. Saruji ilinichubua vidole hata nikashindwa kushika kalamu.

Mwiko wako ulifika salama, pamoja na karatasi ya maelekezo ya kupiga plasta. Ahsante sana, mwanangu.

Kama ujuavyo, daktari alimkataza mama yako vumbi, na akasema hatamruhusu kutoka wodini mpaka apate chumba kisafi. Chumba changu cha nyuma kilikuwa hakijapata kupigwa plasta. Ukiegemea tofali, shati lote linakuwa jekundu. Mafundi wote wa hapa walikuwa wamekwenda kwenye ujenzi wa zahanati. Basi nikaanza mwenyewe, na miaka yangu sabini na sita.

Mchanga niliuchekecha kwa wavu wa meza ya kuanikia kahawa. Ukuta niliulowesha kwanza, kama ulivyoagiza. Hata hivyo, plasta ya kwanza niliibandika nene mno, ikaniangukia yote miguuni. Siku ya tatu ikakubali kushika, nami nikajiona fundi.

Hapo ndipo nilipokosea. Uliandika kwamba ukuta umwagiliwe maji siku saba. Nilisoma, nikadhani umekosea kuandika. Maisha yangu yote nimeanika kahawa, na kitu kibichi kwangu ni kitu cha kukaushwa. Nikafungua madirisha yote, nikaweka na jiko la mkaa katikati ya chumba. Kesho yake ukuta ulikuwa na nyufa kila upande, na ukiugonga unalia kama debe tupu.

Jirani yangu Tadea alikuja kuomba moto, akachungulia.

"Shikamoo, Babu. Naona umeanika ukuta. Chama cha msingi cha kahawa wanakuja lini kuupima?"

Nilimjibu marahaba, nikampa moto wake. Alipoondoka niliichukua tena karatasi yako, nikaisoma nimesimama, kama tulivyokuwa tukisoma mbele ya mwalimu.

Restituta, niruhusu niseme jambo ambalo nilipaswa kulisema zamani. Mwaka ulipopata nafasi katika chuo cha ufundi, ni mimi niliyemwambia baba yako, mbele ya wazee, kwamba mkono wa binti haukuumbwa kwa mwiko. Jioni ile uliniandalia chakula kama kawaida. Ulikwenda chuoni hata hivyo, na mimi sikukuandikia barua hata moja kwa miaka miwili. Nilikukosea. Marehemu mke wangu Gertruda aliniambia hivyo mpaka siku zake za mwisho, nami nilikuwa mgumu. Nakuomba msamaha.

Nilibomoa ukuta wote, nikaanza upya. Safari hii nilifuata kila neno lako. Nikamwagilia asubuhi na jioni kwa siku saba, kama kitalu cha miche. Haukupasuka. Karibu na dirisha una mawimbi kidogo, utanisamehe.

Mama yako alifika Jumanne. Alipitisha kiganja ukutani polepole, akakitazama: hakikuwa na vumbi.

"Kaka, fundi wako nani?"

"Binti yako. Mimi nilimshikia mwiko tu."

Akacheka sana. Nikasubiri kikohozi kinachofuata kicheko chake siku zote. Hakikuja.

Anakusalimu, na amelala vizuri siku zote tano. Nisalimie Joakim, na mdogo wako Damiano mkionana. Tadea naye ameniomba nimwandikie salamu zake kwa "fundi mkuu".

Mungu aibariki mikono yako, na kila nyumba inayopitia mikononi mwako.

Mjomba wako akupendaye, na saidia fundi wako,

Placidi Ndunguru