Kadi Nyeupe ya Jicho la Baba

Landi ya Reli,
Nakuru.
16 Septemba 1956.

Mpendwa dada Milcah,

Natangaza rasmi, kwako wewe, kwa shemeji Omolo na kwa wote walioko Tabora, kwamba tangu Jumapili iliyopita, saa tatu kasorobo asubuhi, kitambaa cha Mama cha kwendea kanisani kimetambuliwa kuwa ni cheupe. Aliyekitambua ni Baba.

Lakini salamu kwanza, nisije nikaambiwa reli imenisahaulisha adabu. Hamjambo nyote? Akoth amepona kifua? Sisi hatujambo. Vumbi la Nakuru nalo halijambo, limeketi juu ya kila kitu kama mwenye nyumba.

Sasa macho ya Baba. Nilikuandikia kuwa ni mtoto wa jicho, na kwamba daktari wa hapa alitaka aende Nairobi akapasuliwe. Sikukuandikia kwamba Baba alikataa miezi mitano. Kufikia Juni alikuwa akimimina chai kando ya kikombe, na siku moja alimwamkia mlingoti wa taa, akidhani ni Darweshi wa stoo. Daktari alisema akingoja mpaka Krismasi, atakuwa kipofu.

Sababu unaijua. Unamkumbuka Bibi Harusi, ile injini ya gari la moshi aliyoitunza Baba? Jioni tulikuwa tukikaa juu ya rundo la mataruma ya reli, tukimsikiliza Baba ndani ya shedi ya injini akigonga boila kwa nyundo yake ndogo, ti, ti, ti, mpaka mahali pamoja paseme to. Hapo ndipo penye ugonjwa. Wewe ukirudi nyumbani ulikuwa ukigonga sufuria za Mama na kuziandikia kadi za matengenezo ukutani kwa mkaa. Siku hizi nikiwa ofisini nikasikia nyundo, kalamu husimama yenyewe, hata nikijua kwamba Baba amestaafu.

Sheria ya kadi haijabadilika. Kazi ndogo, ya kumalizwa hapa hapa, kadi nyeupe, na gharama yake huingia katika kitabu cha shedi yetu. Kazi kubwa, ya kufungua injini yote, kadi ya manjano. Injini huenda karakana ya Nairobi na gharama huandikwa huko. Baba hakusoma shule, lakini rangi hizo mbili alizisoma kuliko mchungaji anavyosoma Zaburi. Kazi kubwa aliikata vipande: leo mabomba mawili, wiki ijayo matatu, kila kipande na kadi yake nyeupe, mradi Bibi Harusi asiondoke. Miaka minne hivyo. Mwishowe akaja fomani mpya, msimamizi wa shedi, akazihesabu zile kadi, akaandika ya manjano.

Bibi Harusi alirudi na rangi mpya, namba ile ile. Baba akamgonga mara tatu. "Huyu si yeye," akasema. "Wamempa boila ya mwingine." Na ilikuwa kweli. Kule hawangoji boila ipone. Hutia iliyo tayari, na ile ya kwanza ikishapona hupewa injini nyingine. Bibi Harusi alivuta mizigo vizuri kuliko zamani. Baba hakumsalimu tena mpaka akastaafu.

Mtu kama huyo unamwambia aende Nairobi akafunguliwe jicho!

"Nitarudi na jicho la nani?" akaniuliza. "La karani kama wewe, lisiloona ila makosa ya watu?"

Basi mwezi wa Julai nikaja na kadi kutoka ofisini, nikaijaza mbele yake huku nikimsomea. Injini: Baba. Ubovu: taa ya mbele, upande wa kulia, kioo kina ukungu. Kazi: kusafisha kioo. Kubadilishana sehemu na injini nyingine: marufuku. Daraja la kazi: hapo nikakohoa kidogo, nikasema, "Ndogo."

Akaichukua akaipeleka dirishani, akaileta karibu na pua.

"Masinde, wacha mchezo na mimi. Hii ni ya manjano."

"Ni nyeupe, Baba."

"Mimi nimeshika kadi hizi wewe hujaota meno. Manjano!"

Mama alikuwa akichagua maharagwe. "Na kitambaa changu cha kanisani ni rangi gani?"

"Manjano. Mwaka wa pili huu. Nimenyamaza kwa ajili ya amani."

"Na maziwa?"

Baba akafikiri. "Manjano."

"Kumbe na ng'ombe ameandikiwa Nairobi."

Kwanza alinuna. Kisha tumbo likaanza kumtikisika, akacheka mpaka akatafuta kiti kwa mkono.

"Kwa hiyo mwongo ni jicho," akasema.

"Mwongo ni jicho," Mama akajibu, bila kuinua uso.

Akaitia kadi mfukoni mwa koti. Jumatatu tukapanda gari la moshi.

Hospitalini, kabla ya kukubali kulala, alimpa daktari ile kadi, nami nikatafsiri mstari wa marufuku. Daktari hakucheka. Alitoa kalamu akatia sahihi. Baba alilala chali siku kumi, kichwa kati ya mifuko miwili ya mchanga, na hakulalamika ila juu ya uji.

Sasa ana miwani mizito kama kitako cha chupa. Jumapili aliivaa mara ya kwanza, akamtazama Mama kwa muda mrefu.

"Kitambaa ni cheupe," akasema. "Lakini uso umezeeka."

"Uso ni ule ule," Mama akasema. "Taa ndiyo imesafishwa."

Baada ya ibada aliniomba nimpeleke shedi. Bibi Harusi alikuwa amesimama anapoa. Baba akamzunguka, akamgonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza. "Hujambo, mama," akamwambia. Ni miaka saba hakuwa amemwambia hivyo. Nilijifanya nasoma namba za mabehewa.

Msalimie shemeji Omolo, umbusu Akoth, na umwambie Kuluthum jirani yako kwamba tende zake zilifika na zikaisha siku hiyo hiyo. Baba na Mama wanawasalimu. Mungu awape afya, mvua ya kiasi, na macho ya kuonana tena.

Mimi nduguyo, nikupendaye tangu enzi za sufuria,
Masinde

Nimesahau. Jana Baba alipekua koti, akaitoa ile kadi, akaitazama kwa miwani, akairudisha mfukoni, akaagiza chai. Mimi ni karani mwaka wa kumi na moja, Milcah. Kazi ya Nairobi sijui kuiandika katika kadi nyingine. Ile kadi ni ya manjano tangu Julai.