Nilisema Ni Mashine ya Kusaga Viungo

Shangazi Mektilda, shikamoo. Mimi ni msomaji wako wa Kariakoo, hii ni wiki ya sita tangu niolewe, na bado nikisikia mtu ananiita "mke wa Rogath" natabasamu peke yangu kama chizi. Lakini nakuandikia kwa sababu nimemkana mume wangu mbele za watu, na yeye hajui.

Rogath anauza beringi na boliti kwenye duka la kaka yake pale mtaa wa Gerezani, kwa mafundi chuma. Siku ya pili baada ya harusi alinikalisha mkekani, akanishika mkono, akasema kuna kitu chake anataka nikijue, na mimi nikajua sasa naambiwa ana mtoto nje, kumbe anatoa CD! Ni albamu ya muziki wa viwandani, ya kundi la huko Ulaya, aliikuta ndani ya redio kuukuu aliyonunua sokoni Mchikichini, kava halikuwepo, jina lake hatulijui hadi leo. Shangazi, dakika ya kwanza nilidhani redio imeharibika. Nyundo, msumeno, kitu kama grenda inakata nondo, na mtu anaongea kwa mbali kama yuko ndani ya pipa. Nikamtazama Rogath, amefumba macho, uso umetulia kama anasali, basi nikafumba na mimi. "Sikiliza hapo, mke wangu," akaniambia, "hiyo beringi imekauka grisi. Ngoja sasa, wanaipaka." Na kweli, sauti ikalainika! Kwenye wimbo wa tano mashine zinazimwa mojamoja mpaka inabaki moja tu inayogonga polepole, halafu dada mmoja anaanza kuimba juu yake, lugha siijui, na mimi nikalia machozi. Tangu hapo kila jioni akirudi tunasikiliza nyimbo zote tisa, haturuki hata moja, na siku hizi nikipita Gerezani sisikii kelele tena, nasikia mafundi wanapiga ngoma. Rogath aliniambia, "Bright, wote niliowahi kuwasikilizisha waliniambia nizime. Wewe umeniambia niongeze sauti." Nilijiona nimeolewa na mwanamume mwenye dunia nzima kifuani.

Sasa shida yenyewe. Tumepanga chumba na sebule kwa Bi Zeina, mama wa Kiarabu, mstaarabu sana. Jumamosi nafua uani akanijia, na wapangaji wenzangu wawili wamesimama nyuma yake.

"Bibi harusi, hizo kelele za jioni ni za nini? Vikombe vyangu vinacheza kabatini."

Nikasema, "Ni za viwandani, Bi Zeina." Nilikuwa naelekea kusema neno muziki, hakuningoja.

"Kiwanda? Humu ndani mwangu mna kiwanda?"

Mpangaji mmoja akadakia, "Labda mumewe anachonga majeneza." Wakacheka, na mimi haya zikanijaa, nikafikiri nikisema ni muziki watasema Rogath wangu ana wazimu, mdomo ukaropoka wenyewe: "Ni kimashine cha kusagia viungo, mama. Anajaribu biashara."

Nilitegemea Bi Zeina atakasirika. Shangazi, akafurahi! "Mashaallah, mbona hukusema mapema? Binti yangu Rahaf anaolewa mwezi huu. Ijumaa nakuletea bizari, iliki na mdalasini vya pilau, na hiyo mashine nataka kuiona kwa macho yangu." Tangu hapo akimwona Rogath anamwita "fundi viungo", naye anacheka tu, anadhani anataniwa kwa kuwa ni bwana harusi mpya.

Nikimwambia Rogath ukweli atajua kwamba hata mimi nilimwonea haya, na namjua, ataificha ile CD na hatanikalisha tena mkekani. Nimewaza ninunue blenda niiweke uvunguni. Nifanye nini?

Brightness, Kariakoo

*

Marahaba, Brightness, na hongera kwa ndoa. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa raha zangu tu. Wake wengi wanaoniandikia hawajui waume zao wanapenda nini, na wewe unajua hadi beringi inapopakwa grisi. Una bahati, na Rogath naye ana bahati.

Blenda usinunue. Ukinunua, mwezi ujao utasagia mtaa mzima, na kila ukibonyeza swichi utakuwa unamkana upya. Bi Zeina alikuuliza swali la kawaida la mwenye nyumba, na wewe ndiye uliyeamua kwamba hataelewa. Tena nikwambie usilotaka kusikia: ndani unafumba macho na kulia machozi, uani unaona haya. Upendo gani huo unaoishia mlangoni? Na hiyo sauti unayotaka iongezwe, ipunguzeni. Vikombe vya watu vina haki yao.

Leo hii, kabla hamjawasha redio, mwambie Rogath. Mpe chakula kwanza, mwenye njaa hasikii vizuri. Sema: "Niliulizwa unasikiliza nini, nikaona haya, nikadanganya." Ishia hapo, usiweke "lakini". Akiificha CD, usimsumbue siku hiyo. Kesho yake wewe ndiye umwombe muisikilize, na kesho kutwa tena, mpaka aitoe.

Alhamisi, kabla viungo havijafika, nenda kwa Bi Zeina. Mwamkie vizuri, mwambie hakuna mashine, ulidanganya, unaomba radhi. Viungo vya Rahaf azima kinu uvitwange kwa mkono wako, mikono ikiwaka moto ndiyo faini yako. Kisha mkaribishe asikilize ule wimbo wa dada anayeimba. Asipoupenda, mshukuru kwa kuja.

Na usiende kumwona faraghani. Nenda saa ambayo wale wapangaji wawili wapo uani, maana walikusikia ukimkana na sasa wakusikie ukimkubali. Sema ni muziki, mume wangu anaupenda, na mimi naupenda. Wakicheka, waache wacheke. Wewe usinong'one.