Kitufe cha Zamu

Jumatatu, 3 Machi
Vifaranga wametotolewa kwenye mashine, nimesafisha maganda, kisha ofisini. Makro yangu, programu fupi niliyoiandika, imekubali! Inapanga zamu za Jumapili kwenye Excel kwa foleni, hata msimamizi yumo. Nimechora kitufe, nikakiunganisha nayo, nikabonyeza. Majina yakajipanga. Najivunia.

Jumanne, 4 Machi
Meneja anataka kuiona Ijumaa. Ikikataa, zamu zinarudi kwa kalamu ya msimamizi wetu, Gitau. Kwa kalamu hiyo mimi na mwenzangu Nafula tunafanya kazi karibu kila Jumapili. Gitau mwenyewe hajawahi hata moja. Simchukii. Nimemchoka tu.

Jumatano, 5 Machi
Visanduku vya tiki kando ya majina. Mtu akiugua, unamtia tiki, makro inamruka. Nimetengeneza kimoja, nikakinakili hadi jina la mwisho. Dakika mbili. Mjanja mimi.

Alhamisi, 6 Machi
Aibu. Nafula ana malaria. Nimemtia tiki yeye, wote wakapata tiki. Nikabonyeza kitufe. Jumapili tupu, hakuna mtu kazini. Gitau alikuwa nyuma yangu.

"Wee Nekesa, kwani umetupea sisi wote off? Asante sana."

Alicheka mpaka akakohoa. Nilitaka kulia, nikajikaza.

Jioni nikaona kosa. Nilinakili kisanduku pamoja na kiungo chake, kwa hivyo vyote vilikuwa vinaandika kwenye seli moja ya jedwali. Nimeviunganisha upya kimoja kimoja, kila kimoja na seli yake. Mgongo unauma. Hakuna aliyenionyesha, nimejitafutia.

Ijumaa, 7 Machi
Imefanya kazi, mbele ya wote. Nafula peke yake akarukwa. Meneja amenipa mkono. Gitau ameomba abonyeze mwenyewe, akabonyeza tena na tena.

Jumapili hii ilikuwa ya Nafula. Anayemfuata kwenye foleni ni mimi. Na ndiyo siku niliyopewa kuongoza wimbo kanisani. Ningejitia tiki, nani angejua? Nimeichapisha ratiba hivyo hivyo, nikaibandika mlangoni.

Jumapili, 9 Machi
Kazini. Wameimba bila mimi. Imeniuma, lakini sijutii. Kitu nimekitengeneza kwa mikono yangu na hakipendelei mtu, hata mimi.

Mchana Gitau amepiga simu. Ameona Jumapili ijayo ni yake. Nilijiandaa kwa ugomvi. Akauliza mashine za kutotolea hufunguliwa saa ngapi asubuhi.