Daftari la Joto la Mama

Kibamba, Jumamosi

Dada Kokuberwa,

Shikamoo. Kabla sijakuuliza hali yako na ya shemeji huko Karagwe, nitue neno ambalo sijamwambia mtu: namwonea wivu wifi Loveness, mke wa kaka Revelian, mpaka chakula hakipiti. Sisi huku wazima, ila mama hajatulia.

Tangu nimalize kidato cha nne nipo naye kutwa. Nilimwona akijipepea kwa mfuniko wa sufuria, jasho likimtiririka hata siku ya mvua. Nikamuuliza anaumwa nini. Akasema hayo ni ya watu wazima, nikaoshe vyombo. Wifi alipokuja, akamweleza yote! Nikasikia wifi akiniita, "We Blessing, fungua dirisha, mama kawaka!" Mama akacheka hadi akashika mbavu. Dada, mimi si ndiye mwanawe?

Wifi ndiye aliyempeleka zahanati. Nesi alieleza kwamba hedhi ya mama inakoma, na joto hilo la ghafla huwapata wanawake wengi wa umri wake; si malaria wala kurogwa. Avae nguo nyepesi za pamba, awe na maji ya baridi karibu, na kila joto likija iandikwe alikuwa anakula, anakunywa au anafanya nini, ili ajue cha kupunguza. Kwa kuwa mama haoni vizuri maandishi, daftari nikapewa mimi.

Nilifurahi mno. Mama akawa ananiita, "Njoo mwanangu, limeanza." Alinitajia chai ya moto, blanketi, ugomvi wa foleni ya maji. Mimi niliandika: mchuzi wa pilipili anaotuletea wifi. Kila mara, mchuzi wa wifi.

Nesi aliposoma, akamshauri auache kwanza. Juzi wifi alileta bakuli la ndizi za mchuzi, hakutia pilipili hata chembe. Mama alilirudisha, akasema daftari limeshasema. Wifi aliondoka akijifuta macho kwa ncha ya khanga. Na joto bado linamjia mama, maana chai anakunywa vilevile.

Jumatatu tunarudi kwa nesi. Nimeandika upya kurasa zote kama mama alivyonitajia, na nitasema mbele yao, wifi akiwepo, kwamba nilikosea.

Msalimie shemeji, na watoto uwabusu. Ila kwamba nilifanya makusudi, dada, libaki kwako. Mama asijue. Ndiyo kwanza ameanza kuniita.

Mdogo wako akupendaye,
Blessing