Mbwa Wetu Hapiti Mtu, na Sasa Aaltje Anapiga Kengele Mlango wa Mbele

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie maana humu ndani sina wa kumwambia, mume wangu amenuna na jirani yangu ndiye niliyemkosea, kwa hiyo nimebaki na wewe na gazeti lako.

Mimi na mume wangu, Dinant, tunaishi shambani huku Achterhoek, mashariki mwa Uholanzi, nyumba ya mwisho kabla ya mfereji, na jirani yetu wa kwanza ni Aaltje, mjane, kati yetu kuna kiwanja cha viazi tu, na wewe unajua huku kwetu jirani wa kwanza ni nani, ndiye aliyekuja kufunga mapazia mama mkwe alipokata roho, ndiye aliyempokea binti yangu Jolien mikononi kabla mkunga hajafika, ufunguo wetu anao, tukisafiri anamwagilia maua, na tangu niolewe sijawahi kumsikia akibisha hodi, anapita uani, anafungua mlango wa nyuma, anasema "Nipo!" na mimi namimina kahawa. Mlango wa mbele kwetu ni wa bibi harusi na jeneza, na wale wauza bima wasiojua desturi.

Sasa wezi walipoiba mashine za watu kijiji cha pili, Dinant akaingiwa na hofu akaleta mbwa, Bor, mweusi, kichwa kama ndoo, lakini wakati ule alikuwa bado mdogo tena mwoga, akisikia trekta anakimbilia nyuma ya jiko. Siku moja akamngurumia mleta barua, basi Dinant akacheka mpaka akakohoa, akampa kipande cha soseji ya maini, "Ona huyo! Kijana anajifunza kazi!", na mimi, mshauri, sitakuficha, ndiye niliyekuwa nakata hiyo soseji, kila aliponguruma nilimkatia, nilijisikia salama, mpaka kwaya nzima niliisimulia kwamba tuna mbwa mzuri, hapiti mtu. Na kweli mtu akawa hapiti. Mleta barua akawa anatupia barua zetu langoni kama anayelisha mamba, shemeji yangu Teun akifika anapiga simu akiwa ndani ya gari, "Hermien, hebu mfunge huyo simba wako, mwenzako nimebanwa na mkojo!", tunacheka, na kijijini wakawa wanatutania kwamba kwa kina Dinant siku hizi hata pepo anapiga hodi. Dinant akaona ni sifa. Nami niliona ni sifa.

Mwezi uliopita nilishikwa na mafua mabaya, nikalala, Dinant yuko malishoni, na Aaltje alipoona mapazia yangu hayajafunguliwa hakuuliza mtu, akapika supu ya njegere, akaibeba sufuria kwa mikono miwili akapita uani kama siku zote, akasukuma mlango kwa kiwiko, na kabla hajamaliza kusema "Nipo" nikasikia sufuria inaanguka. Nilishuka ngazi mbio. Supu imetapakaa sakafuni, Aaltje ameshika mkono wake na damu inapita katikati ya vidole, na Bor yuko chini ya meza anatetemeka, amejikojolea. Aaltje akaniangalia akasema, "Usihangaike, mkono utapona. Ninayoisikitikia ni soseji, nilikutilia ile ya moshi unayoipenda." Na mimi nikamjibu nini? Hata leo sijui ilitoka wapi. Nilimwambia, "Lakini Aaltje, si ungebisha kwanza?"

Aliokota sufuria yake akaenda.

Siku chache baadaye kengele ya mlango wa mbele ikalia. Komeo lilikuwa limeshika kutu, Dinant akaligonga kwa nyundo ndipo likafunguka, na pale nje alisimama Aaltje, amevaa koti lake la kanisani, mkono umefungwa bendeji. Akanikabidhi ufunguo wetu. "Nimebisha," akasema. Nikamwambia aingie, akasema ana haraka, na mimi namjua Aaltje, hajawahi kuwa na haraka maishani mwake.

Tangu hapo ni salamu za mbali tu, mkono unapungwa kule viazini, basi. Kahawa nakunywa peke yangu. Na juzi mchana kweupe tela la Dinant limeibwa uani, Bor alibweka vizuri sana, lakini anabweka kila siku, kwa hiyo hakuna aliyechungulia, hata mimi. Jolien anasema mbwa apigwe sindano ya mwisho, maana yeye ana mimba na hataleta mtoto nyumba hii. Dinant anasema mbwa alifanya kazi aliyoletewa, "Wewe Hermien unataka mbwa au pambo la sebuleni?" Nami namtazama Bor amelala, ameweka kichwa juu ya ndala zangu, nalia. Naomba uniambie, Bor ni mbwa mzuri au mbaya? Na Aaltje nimfanyeje?

Ni mimi Hermien, mlango wa nyuma uko wazi na haingii mtu.

*

Hermien mwenzangu,

Barua yako niliisoma nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Pole kwa mafua. Kwa hayo mengine nitakupa pole baadaye, ngoja kwanza nikugombeze.

Unaniuliza kama Bor ni mzuri au mbaya. Mama wee, jibu umeliandika mwenyewe halafu ukalipita! Mlinzi gani anayemng'ata mwanamke mwenye supu kisha anajikojolea chini ya meza? Huyo si mkali, huyo ana hofu. Alikuja kwenu mwoga, na badala ya kumfundisha kwamba watu hawana neno, mlimlipa soseji kila alipoogopa kwa sauti. Amewasikiliza vizuri kuliko watoto wengi ninaowafahamu. Mbwa mzuri ni yule anayejua nani ni mgeni na nani ni mwenyeji, tena anayenyamaza bosi wake akimwambia "basi". Wenu hakufundishwa kunyamaza, ndiyo maana siku mwizi alipofika kweli hakuna aliyemsikiliza.

Sindano ya mwisho, hapana, si sasa. Kwanza mpeleke kwa daktari wa mifugo aangalie kama ana maumivu mahali, halafu mtafute mtu anayefundisha mbwa, wa kumfundisha kwa upole, si wa fimbo. Na Dinant aende naye! Asiniletee hadithi za pambo, yeye ndiye aliyecheka mpaka akakohoa. Kwa sasa Bor akae nyuma ya lango linalofungwa, akitoka afungwe kamba na avishwe kifunga mdomo, na ile soseji apewe pale tu anapomwona mtu akatulia. Mjukuu akizaliwa, asiachwe naye chumba kimoja hata kwa muda wa kumimina kahawa. Jolien msikilizeni, hofu yake ina sababu. Na yule mfundishaji akiwaambia habadiliki, mumwamini, hata kama itauma.

Hayo ya mbwa ndiyo mepesi. Unachokililia wewe si jino la Bor, ni yale maneno yako matatu manne. Mbwa alimng'ata Aaltje mkono, na mkono unapona, alisema mwenyewe. Wewe ulimwambia yeye ni mgeni.

Hebu fikiri, Hermien. Mapazia yako yalipobaki yamefungwa, nani aliona? Mlipokuwa safarini, nani alikuwa na ufunguo? Miaka yote hiyo nyumba yenu ilikuwa na mlinzi, hakuwa akibweka, alikuwa akiangalia kupitia dirisha la jikoni kwake. Mkaleta mwingine, akamng'ata wa kwanza, nanyi mkamtetea. Pole sana. Nimesema nitakupa, ndiyo hiyo, na inatoka moyoni.

Sasa vaa viatu. Pika supu ya njegere, utie soseji ya moshi, uchukue na ule ufunguo. Dinant abaki na mbwa. Katiza kiwanja cha viazi, pita uani kwake hadi mlango wa nyuma. Najua mkono wako utataka kufungua na mdomo utataka kusema "Nipo". Usifungue. Haki hiyo kwa sasa huna. Weka sufuria chini, bisha, usubiri. Akifungua, usimtaje Bor hata kidogo, sema, "Nilikosea, Aaltje, wewe kwangu hubishi hodi," umpe ufunguo wake.

Asipofungua, supu iache hapo mlangoni, na kesho uende tena ubishe.